Upande wa Kushoto wa Nyumba ya Mama

Ukisimama kwenye mlango wa nyumba ya mama yangu, uso ukiuelekeza langoni, mkono wako wa kulia utakuwa upande wa kaburi la baba. Limefunikwa kwa vigae vyeupe ambavyo kaka yangu alivisafirisha kutoka Nakuru akivipakata kama mayai. Upande wa kushoto, wakati ule ninaotaka kuusimulia, hapakuwa na kitu. Palikuwa na nyasi fupi na kamba ya kuanikia nguo, basi. Mgeni angeweza kusema kwamba hawa watu wana kiwanja kizuri na wanakiacha kikae bure.

Sisi tulijua pale ni mahali pa nini. Kwetu Wajaluo mwanamume huzikwa kulia kwa nyumba na mke wake kushoto, na hilo hakuna anayeketishwa chini afundishwe. Mtu hukua nalo. Mama hakupanda hata mche mmoja wa sukuma wiki upande ule, ingawa alipanda mboga hadi kwenye ndoo zilizotoboka. Lakini kujua si kusema. Kumtajia mtu aliye hai mahali pa kaburi lake ni kumwitia kifo, na mtoto aliyelelewa akaleleka hafanyi hivyo hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo mahali pale hapakuwa na jina. Tulipaita kwenye kamba, na kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Nayaeleza haya kwanza kwa sababu bila kuyajua huwezi kuelewa jinsi kibali cha ujenzi, kilichopatikana kwa njia halali, bila mtu kupewa chai, kilivyomwondoa mama yangu nyumbani kwake.

Boma letu liko chini ya Nyalenda, upande ule ambako vyumba vya mabati vinaanza kupungua na ardhi inateremka kuelekea kwenye mafunjo na ziwa. Baba alipolijenga, pale palikuwa shambani. Ng'ombe walifungwa mahali ambapo leo watu wanapanga foleni ya maji na mitungi yao. Watu wakituuliza tulihamia Kisumu mjini mwaka gani, huwa nawajibu kwamba hatukuhamia mjini, mji ndio uliotuhamia sisi. Ulikuja polepole, ukaleta nguzo za umeme, ukaleta wapangaji, na mwishowe ukaleta sheria.

Mimi ni binti wa mwisho. Niliolewa, nikarudi, na anayetaka kujua zaidi ya hapo aulize kwingine. Nashona sare za shule katika chumba cha kupanga kule juu, na kwa mama nilikuwa nikishuka karibu kila siku kumpelekea mkate na kumsikiliza akiwasema vibaya kuku wake. Kaka yangu ndiye kifungua mimba na ndiye mwana wa kiume pekee. Alikuwa akifanya kazi kiwandani Nakuru, na miaka yake ya kustaafu ilipokaribia akaanza kuwaza kujenga ploti, yaani safu ya vyumba vya kupangisha, kwenye sehemu ya boma iliyokuwa imebaki wazi. Sikuona ubaya. Mama alihitaji dawa za presha kila mwezi, na kaka mwenyewe hakutaka kuzeeka akiwa ombaomba.

Jirani yetu alikuwa amejenga ploti yake bila kuuliza mtu. Asubuhi moja likaja tingatinga, likaanzia kona ya mbele likamalizia nyuma, na wapangaji wakabaki barabarani na magodoro yao vichwani. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika sufuria ya uji uliokuwa bado wa moto. Kaka alikuwapo siku hiyo, na akaapa kwamba sisi hatutafanya upuuzi ule. Tutaenda kaunti, tutaomba ruhusa, tutafuata kila hatua. Nikamuunga mkono kwa moyo wote. Mimi ni mshonaji. Napenda kitu kilichopimwa kabla ya kukatwa.

Kwa kuwa yeye alikuwa Nakuru, miguu ikawa yangu. Nilikwenda ofisi ile ya mipango hadi mlinzi akaacha kunipekua mkoba. Afisa aliyenihudumia alikuwa mama wa umri wangu, miwani yake imening'inia kwenye uzi shingoni, na hasira zake zote alizihifadhi kwa ajili ya printa. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ramani kubwa ya mji, imepakwa rangi rangi. Aliniambia kila rangi ni kanda yake: huku viwanda, huku biashara, huku shule, huku makazi ya watu wachache, huku makazi ya watu wengi. Akaweka kidole kwenye boma letu. Lilikuwa limehama kutoka rangi ya mashamba hadi rangi ya makazi ya watu wengi, na sisi tuliokuwa tukilala ndani yake hatukusikia kitu.

Nilijifunza pale mambo ambayo sikujua yapo. Mbele ya boma ilibidi tuache ukanda mpana kwa ajili ya barabara itakayopanuliwa, hata kama barabara yenyewe kwa sasa ni matope ya kupita bodaboda moja. Nyuma ilibidi tuache ukanda wa ziwa, na kwa kuwa ziwa lilikuwa limepanda miaka ile na kuimeza migomba yetu yote ya chini, ukanda huo ulihesabiwa kutoka pale maji yalipofika, si pale baba alipoyaacha. Vyumba visikaribie mpaka wa jirani. Majengo yasijae kiwanja kizima. Dirisha lisitazame ukuta. Kila sheria nilipoelezwa sababu yake niliikubali. Sitasema uongo hapa ili nionekane nilikuwa na busara tangu mwanzo: nilizipenda zile sheria. Niliona zimemfikiria mtu atakayelala kwenye kile chumba, apate hewa, moto ukizuka akimbilie wapi.

Siku moja nikamweleza yule afisa kwamba hata sisi tuna mipango yetu. Nyumba ya mama hukaa juu, ikitazama lango. Nyumba ya mwana wa kwanza hukaa kulia kwa lango, ya wa pili kushoto, na mdogo hajengi kabla ya mkubwa wake hata awe na mali namna gani. Akacheka akavua miwani.

"Hiyo ni zoning tu, madam," akasema, akielekeza kidole kwenye zile kanda za ukutani. "Difrensi ni moja, sisi tunachora."

Nikacheka pia. Nilipokuwa nikitoka nilijiona mwanamke mwenye akili.

Mchoraji wa ramani ya nyumba alikuja Jumamosi ambayo kaka alikuwa amefika kutoka Nakuru. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye asili ya huko juu milimani, na kazi yake aliifanya kwa heshima. Alipima kwa utepe kutoka bikoni hadi bikoni, yale mawe ya mpaka, mimi nikimshikia ncha. Mama alikuwa ameketi mlangoni pake na ungo mapajani, akichambua mboga. Mchoraji alipofika kwenye kaburi la baba alivua kofia. Kaka akamwambia asilichore kabisa, litaleta maswali mengi ofisini. Kisha yule mtu akavuka mbele ya nyumba hadi upande wa pili, akasimama kwenye nyasi chini ya kamba.

"Na hii side, mzee, kuna nini hapa?" akamuuliza kaka.

Kaka alinitazama mimi. Mimi nikamtazama mama. Mama akatoa jani moja bovu, akalitupia kuku. Sote watatu tulikuwa tumesikia swali, na sote watatu tulikuwa na jibu lake.

"Hapo hakuna kitu," kaka akasema.

Mchoraji akaandika. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakusema mshindo wenyewe huchukua muda gani kufika, na sisi tulinywa chai siku ile kwa furaha, mchoraji akasifu ndizi.

Michoro ilirudi ikiwa mingi, karatasi juu ya karatasi. Niliangalia vyumba, nikaangalia milango, nikatafuta madirisha yangu. Nyumba ya mama ilikuwa imechorwa kwa mistari hafifu na kuandikwa kwamba ni jengo lililopo. Karatasi ya mabomba sikuisumbua. Mabomba ni mabomba. Kaka akatia sahihi, mimi nikapeleka. Tukapachika ubao wa tangazo langoni, ulioandikwa kwa Kiingereza, ukimwalika kila mwenye pingamizi ajitokeze. Mama hupita hapo akienda kanisani, na yeye husoma Biblia ya Kijaluo tu. Hakuna aliyejitokeza. Kibali kikatoka, kimepigwa mhuri, na nilipomletea mama habari alisimama akaomba Mungu kwa sauti, akamtaja hata yule afisa wa miwani ambaye hakuwahi kumwona.

Sasa nieleze lile tangi, kwa kuwa ndilo jambo lenyewe. Kule chini kwetu hakuna bomba kubwa la maji taka la mji. Anayejenga vyumba vya watu wengi lazima awe na tangi la chini ya ardhi la kupokea uchafu wa vyoo. Tangi hilo halikai karibu na kisima, na kisima chetu kiko nyuma. Halikai kwenye ukanda wa ziwa. Halikai kwenye ukanda wa barabara. Halikai kwenye mpaka wa jirani. Tena lazima gari la kunyonya maji taka liweze kulifikia, kwa hiyo njia ya gari iachwe wazi kutoka langoni. Kulia kuna baba, ambaye kwenye mchoro hayupo, lakini hata mchoraji alimwona. Ukizipanga sheria hizo zote pamoja, ukaondoa kila mahali palipokatazwa, inabaki sehemu moja tu katika boma zima. Hakuna aliyefanya hila. Hesabu ndiyo iliyotufikisha kwenye kamba.

Siku walipoanza kuchimba nilichelewa kushuka kwa sababu ya sare za watoto wa shule moja. Nilipoingia langoni na mkate wangu, wachimbaji wawili walikuwa tayari wameingia ardhini hadi kifuani. Lilikuwa shimo la pande nne, refu kuliko upana wake, kingo zake zimenyooka vizuri, na udongo mwekundu umerundikwa upande mmoja. Kamba ya nguo ilikuwa imekunjwa na kuwekwa juu ya jiwe. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo kwa mkono mmoja.

"Ni nani amekufa?" akawauliza.

Tulikuwa na kawaida ya kusema Kijaluo nyumbani, lakini hilo aliliuliza kwa Kiswahili, ili wamwelewe. Yule fundi aliyekuwa juu akacheka, akidhani bibi anapenda mzaha.

"Hakuna mtu, mama. Hii ni ya choo."

Mama akaingia ndani akafunga mlango. Nilisikia komeo likisukumwa. Nikazunguka nyumba kumfuata, nikamkuta jikoni nyuma, amekaa kwenye kigoda, mikono kwenye magoti, hapiki na hana anachokifanya. Nilimwita mara kadhaa. Mwishowe akaniambia kwa utulivu, "Mmeona ninachelewa." Tangu siku hiyo hakutokea tena mlango wa mbele. Alikuwa akitoka kwa nyuma, anazunguka nyumba nzima kwenda langoni, uso ameugeuzia upande wa baba.

Nilipiga kelele siku ile, na wala sijutii. Niliwafukuza wale mafundi, nikamwita baba mdogo, mdogo wake baba, anayekaa mwendo mfupi kutoka pale. Alifika, akalitazama shimo, akatikisa kichwa. Kwetu kaburi likichimbwa haliachwi wazi bila kitu. Likikaa tupu litamtafuta mtu wa kulijaza. Akakata shina la mgomba kwa panga, akalilaza chini ndani ya shimo kama anayelaza mgonjwa, akasema maneno machache ya kuliambia shimo limepata lilichokuwa likikitaka, tukafukia wenyewe, yeye kwa jembe na mimi kwa koleo. Mama hakutoka kutazama, lakini jioni hiyo alikula. Nikaona tumepona.

Kesho yake nikapanda ofisini. Nikamwambia afisa tunataka kuhamisha tangi. Hakukasirika. Akavaa miwani, akatandaza mchoro wetu mezani, tukainama juu yake kama watu wawili wanaokata kitambaa kidogo kwa nguo kubwa. Alijaribu kulia, nikamwambia kuna kaburi. Akaniuliza mbona halikuchorwa, nikasogeza kidole upande wa nyuma. Akajaribu nyuma, kisima kikakataa. Mwishowe akasema njia ipo moja, kupunguza vyumba, tangi liende mahali pa vyumba vya mwisho, na mchoro mpya upite tena kwa kila idara tangu mwanzo. Akavuta karatasi, akashika kalamu.

"Sasa niandike sababu gani? Lazima kuwe na sababu. Hiyo nafasi mnataka kuweka nini hapo?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeyaandaa maneno njia nzima. Kwa Kiingereza yangekuwa rahisi, kwa kuwa Kiingereza hakimjui mama yangu. Lakini hata hayo hayakutoka. Afisa alinitazama, akaitazama ile karatasi, akaitazama nyumba ya mama iliyochorwa kwa mistari hafifu na mlango wake, akatazama kulia nilipomwonyesha kaburi, akatazama kushoto. Yeye pia ni wa huku huku ziwani. Jina la ukoo wake nililisoma kwenye beji.

"Mama yuko?" akauliza polepole.

"Yuko."

"Yuko mzima?"

"Mzima kabisa."

Akaweka kalamu chini. "Basi hiyo hata mimi siwezi kuandika," akasema. "Nitaandika aje, na mwenyewe anaamka asubuhi anakunywa chai?"

Tukakaa. Printa ikapiga kelele zake, hakuigombeza. Akanishauri niseme tunataka bustani ya maua. Nikamwambia sawa. Akaandika bustani ya maua. Tulijua sote wawili kwamba hakuna idara duniani itakayosimamisha tangi la vyoo vya watu wengi kwa ajili ya maua, na kweli ombi lilikataliwa kwa sentensi moja.

Kaka nilimpigia simu kabla hata ya jibu hilo. Nilimweleza kila kitu, kuhusu shimo, kuhusu mlango wa nyuma, kuhusu shina la mgomba.

"Sista, kila kitu imepita," akasema. "Tukibadilisha tunarudi mwanzo, na inspekta anakuja kuangalia msingi. Wakikuta hiyo tangi haiko penye iliandikwa, watatuletea tingatinga kama jirani."

"Mama hatakuwa na mahali."

"Mahali pa nini?" Sauti yake ikapanda. "Mama hajakufa. Wewe mbona unamzika?"

Kwa sheria zetu yeye ndiye aliyekuwa na haki, na mimi ndiye niliyekosa adabu. Sheria ni msumeno, watu husema, hukata mbele na nyuma. Sikujua kwamba kuna siku misumeno miwili itakutana, mmoja wa kaunti na mmoja wa kwetu, na katikati awe mama yangu peke yake.

Mafundi wakarudi. Walilichimba shimo upya, wakalitoa lile shina la mgomba likiwa limeanza kuoza, wakalitupa upande wa mafunjo. Baba mdogo alipita akaliona pale, akageuza njia. Tangi likajengwa kwa mawe, likapigwa saruji, likafunikwa. Ploti ikapanda haraka, nzuri, madirisha yote mahali pake. Inspekta alikuja akatembea huku na huku akamsifu kaka, akasema laiti wenye viwanja wote wangekuwa hivi.

Wapangaji waliingia. Sina neno baya juu yao. Ni watu wa vibarua, wauza samaki wa kukaanga, mwalimu mmoja wa chekechea, na wengine waliokuja kutoka upande wa Vihiga kutafuta kazi. Walimsalimu mama kwa heshima, wakamwita dani, bibi. Watoto walipenda kucheza juu ya kifuniko cha saruji kwa kuwa kilikuwa kimenyooka. Mama akiwa kitandani alisikia kila choo kikimwagwa, maji yakipita kwenye bomba chini ya dirisha lake na kuanguka. Siku za joto harufu ilipenya. Alinunua udi wa dukani akauchoma, akasema ni kwa ajili ya mbu.

Hakumgombeza mtu. Ningependa angegombeza. Kaka alipokuja alimpikia samaki kama kawaida, wakazungumza habari za kanisa. Ila nilianza kuona vitu vinapungua. Kuku mmoja akampa mwalimu wa chekechea, mwingine akampa mke wa baba mdogo. Sufuria kubwa ya kupikia wageni akaipeleka kanisani. Nilipomuuliza, akasema amechoka kuisugua. Halafu asubuhi moja nikamkuta amevaa gauni lake la Jumapili, begi liko tayari, ameketi kwenye kigoda kule nyuma.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu. "Nipeleke kwetu."

Kwetu. Tangu nizaliwe mama hakuwahi kutumia neno hilo kwa mahali pengine ila pale. Lakini siku hiyo alimaanisha Sondu, kule mtoni karibu na mpaka wa Kericho, alikozaliwa na kutoka akiwa msichana. Mwanamke aliyeolewa, akazaa, akamzika mume wake, harudi kwao kukaa. Anakwenda kwenye msiba, anakaa siku chache, anarudi. Nilijaribu kumweleza hilo kana kwamba yeye halijui. Akanisikiliza hadi nikamaliza, akaniomba nimshikie begi.

Kule Sondu tulipokelewa na mtoto wa kaka yake na mke wake. Ni watu wema, wakampa chumba chenye dirisha, lakini niliona macho ya yule mke yakiniuliza. Kisumu nako maneno yakaenea. Wengine walisema nimemwiba mama ili nimtenge na kaka yangu. Wengine walisema mama amechanganyikiwa. Baba mdogo alisema ukoo utamfuata kumrudisha, lakini alisema akiangalia chini, na hakuna aliyekwenda.

Kaka alikwenda Sondu kumtembelea, na usiku aliporudi akanipigia simu. Alikuwa analia. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia, hata baba alipofariki, kwa kuwa siku ile alikuwa na kazi ya kupokea watu.

"Mwambie hivi," akasema. "Siku ikifika, nitaita lori inyonye yote. Nitaosha hiyo tangi na dawa. Nitaweka chokaa, nitajaza udongo mpya, udongo safi kutoka mbali. Atakuwa penye ilifaa akuwe. Mwambie, sista. Wewe anakusikia."

Alikuwa amelisema sasa, yeye mwenyewe, kwa sauti, na tulikuwa tumechelewa sana.

"Na wale watu wa ploti," nikamuuliza, "watakwenda choo wapi?"

Nilimwonea huruma, na nilimchukia, na vyote viwili vilikaa kifuani mwangu bila kusukumana. Ujumbe wake sikuupeleka. Hakuna namna ya kumwambia mama kwamba mwanawe amekubali kumsafishia tangi.

Mara ya mwisho nilipokwenda Sondu ilikuwa alasiri, mvua ilikuwa imekatika muda mfupi kabla. Mama alikuwa amekonda lakini uso wake ulikuwa umetulia. Tulikunywa chai. Kisha akachukua fimbo yake, akanishika mkono, akaniambia nimsindikize, tukapita langoni tukazunguka ua wa minyaa hadi upande unaoteremkia mtoni. Pale nje ya ua kulikuwa na vituta vya zamani, vimeota nyasi, hata huwezi kuvitambua usipoonyeshwa. Kwetu binti aliyekufa bila kuolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Hulazwa nje ya ua. Kimoja cha vituta vile kilikuwa cha dada yake mama, aliyefariki msichana.

Mama akasimama, akanyoosha fimbo.

"Hapa," akasema.

Miaka yote ile, mchoraji akiuliza, shimo likichimbwa, ofisi ikingoja neno moja tu, hakuwahi kulisema, na hakuruhusu tuliseme. Sasa alikuwa analionyesha kama mtu anayeonyesha mahali pa kupanda mahindi.

"Mama, wewe umeolewa," nikamwambia. "Una watoto. Una mjukuu aliyerithi jina lako. Hapa ni mahali pa wasichana."

"Nilikuwa na mahali pa kuolewa kwangu," akasema. "Pamepata kazi nyingine."

Nikaanza kulia. Yeye hakulia. Alikuwa anaipima ile nafasi kwa macho, kutoka kwenye kituta cha dada yake hadi kwenye mnyaa wa pembeni, akigusa nyasi kwa ncha ya fimbo.

"Na wewe je?" akaniuliza.

Sikumwelewa.

"Wewe ulirudi, na aliyerudi huhesabiwa msichana. Hutaingia ndani kwa baba yako. Na kule nje ya ua wake wameandika barabara." Alisema bila uchungu, kama mtu aliyelifikiria jambo usiku mwingi akalimaliza. "Nimemwambia mtoto wa kaka yangu asilime hapa. Nimemwambia aache pa watu wawili."

Nilikwenda ofisi ile mara zisizo na idadi. Nilijua upana wa barabara itakayokuja, nilijua umbali wa kisima na umbali wa ziwa, niliwapigania wapangaji wapate hewa. Sikuwahi kujiuliza hata mara moja mimi nitakwenda wapi. Mama alikuwa amejiuliza.

"Simama pale," akaniambia, "nione."

Nikafuta uso, nikapita kwenye nyasi zilizolowa hadi aliponielekeza, nikasimama nimebana mikono mbele. Mama akarudi nyuma kidogo, akaegemea fimbo yake, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni kuona kama patatutosha.